Jongo au nundu? Maumivu ya kidole gumba cha mguu yasikuchanganye

MAUMIVU kwenye shina la kidole gumba cha mguu huwafanya wengi kukimbilia duka la dawa kununua tembe za kutuliza uchungu kabla hata ya kujua kinachowasumbua. Baadhi huamua papo hapo kwamba ni jongo, au gauti kama ugonjwa huo unavyojulikana na wengi mijini, wakaacha kula nyama. Wengine hulaumu viatu.

Ukweli ni kwamba kiungo hicho kimoja huweza kupatwa na matatizo mawili yasiyo na uhusiano wowote, na dawa ya moja haifai kitu kwa lingine.

La kwanza ni nundu, ile inayotokeza ubavuni mwa wayo. Mfupa mrefu unaobeba kidole gumba husogea taratibu kuelekea upande wa ndani, nacho kidole chenyewe kikaegemea cha pili. Kinachoonekana kama uvimbe mgumu si mfupa mpya ulioota, bali ni kichwa cha mfupa huo kilichosukumwa nje. Hali hii huchukua miaka mingi, huwapata wanawake kuliko wanaume, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Viatu vyembamba mbele na vyenye visigino virefu huizidisha. Maumivu huja mtu akitembea na hupungua akivua viatu.

Jongo haliji hivyo. Mtu hulala akiwa mzima, kisha usiku wa manane huamshwa na uchungu mkali kiasi kwamba hawezi kustahimili hata shuka kugusa kidole. Kiungo huvimba, huwa na joto na ngozi hung'aa. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu, lakini kwa mtu mweusi wekundu huo huenda usionekane wazi. Joto na uvimbe ndizo dalili za kutegemea. Uchungu hufikia kilele kabla ya saa 24 kupita, kisha hutulia wenyewe baada ya wiki moja au mbili.

Huko kutulia ndiko mtego. Mgonjwa hudhani amepona, kumbe asidi ya yuriki iliyozidi kwenye damu ingali inajenga fuwele zenye ncha kali kama sindano ndani ya kiungo. Mashambulizi hurudi, huhamia kifundo cha mguu, goti na hata vidole vya mkono, na baada ya miaka viungo huharibika kabisa. Asidi hiyo pia huweza kusababisha vijiwe kwenye figo.

Jina la "ugonjwa wa matajiri" limewapotosha wengi. Ni kweli kwamba bia, nyama nyekundu, maini, figo na dagaa huongeza asidi hiyo, na vivyo hivyo soda zenye sukari nyingi. Lakini kwa wagonjwa wengi tatizo kubwa ni figo kutoitoa ya kutosha. Ndiyo sababu jongo huwapata pia wenye shinikizo la damu, hasa wanaotumia dawa za kuongeza mkojo kama haidroklorothiazaidi, hata kama nyama choma huiona Krismasi tu. Maharagwe na ndengu, ambavyo wagonjwa wengi hukatazwa, havijaonekana kuongeza hatari ya ugonjwa huu.

Wapo pia wanaochanganyikiwa kwa sababu nzuri. Kifuko cha maji kilicho juu ya nundu huweza kuvimba na kupata joto kikisuguliwa na kiatu, na mtu mmoja huweza kuwa na nundu na jongo kwa wakati mmoja. Hata kipimo cha damu hudanganya: katikati ya shambulio, kiwango cha asidi ya yuriki huweza kuonekana cha kawaida, hivyo ni vyema kipimwe tena uchungu ukishatulia. Njia ya uhakika ni daktari kuvuta majimaji ya kiungo kwa sindano na kuyatazama kwa hadubini. Nundu hutambuliwa kwa macho, na eksirei huonyesha ukubwa wa mpindo.

Shambulio la jongo hutulizwa kwa dawa kama ibuprofeni, kolkisini au predinisoloni, ingawa wenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu hawapaswi kujinunulia ibuprofeni bila ushauri. Anayeshambuliwa mara kwa mara huhitaji dawa kama alopurinoli kila siku, hata asiposikia uchungu, ili asidi ishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita. Akiona upele baada ya kuianza, aache na kurudi hospitalini mara moja.

Kwa nundu, dawa hizo za kushusha asidi hazisaidii. Viatu vipana na vitambaa laini vya kuzuia msuguano hupunguza maumivu, lakini hakuna kifaa cha kuvaa kinachonyoosha mfupa moja kwa moja. Hilo hufanywa kwa upasuaji tu, na kupona huchukua miezi.

Kiungo kilichovimba ghafla kikiandamana na homa au baridi kali mwilini huenda kimeingiwa na viini. Mgonjwa wa aina hiyo, hasa mwenye kisukari, anafaa kufika hospitalini siku hiyo hiyo.