Kuunda modeli ya kifaru (3): Uchakavu wenye sababu

Wiki iliyopita tuliishia kwenye kuunganisha bodi, magurudumu na kichwa cha kifaru chetu cha Type 59. Kwa skeli ya 1:35, gari lenye upana wa mita 3.27 limekuwa na upana wa milimita 93, na kuanzia mkiani hadi kwenye mdomo wa mzinga halifiki sentimita 26. Sasa limesimama mezani, la kijivu, laini kila upande. Kifaru halisi hakina ulaini huo, na kazi ya leo ni kuuondoa mahali panapostahili na kuuacha mahali panapostahili.

Tuanze na kichwa. Type 59 ni nakala ya Kichina ya T-54A ya Kisovieti, na kichwa chake ni cha kusubu: chuma kiliyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu. Chuma cha namna hiyo hubaki na vijinundu na mabonde madogo hata baada ya kupakwa rangi. Chukua gundi ya majimaji, ile inayoyeyusha plastiki, upake eneo dogo lisilozidi ukubwa wa kidole gumba. Subiri sekunde chache uso ulainike, kisha gongagonga kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi. Sogea eneo la pili, na la tatu, mpaka umezunguka kichwa chote. Kiache kikauke hadi kesho yake, halafu pitisha msasa laini juujuu ili ncha kali zipungue.

Bodi haiguswi kwa mtindo huo. Yenyewe imeundwa kwa mabamba yaliyopitishwa kwenye roli kiwandani, kisha yakachomelewa. Mabamba yabaki laini, ila yanapokutana lazima uonekane mshono wa kuchomelea. Shika kijiti cha ile fremu iliyobeba vipande, kipitishe juu ya mwali wa mshumaa bila kuugusa, ukikizungusha mpaka kilegee. Kitoe motoni ukivute pande mbili, taratibu, bila kusita. Utapata uzi mwembamba kama unywele. Ulaze kwenye pembe ya mabamba, uloweshe gundi, na ukishalainika ubonyeze kwa ncha ya kisu, alama moja ikifuata nyingine kwa karibu. Uzi uliobaki utunze, maana ndio utakaokuwa antena. Nimekwisha kuona modeli nyingi zilizojaa vijinundu kutoka mbele hadi nyuma, bodi na kichwa pamoja. Zinavutia kwa mbali, lakini zinasema uongo kuhusu jinsi kifaru kilivyotengenezwa, na mimi siwezi kulipuuza jambo hilo.

Kabla ya kuacha kichwa, tazama upande wa kulia, mbele ya mlango wa mpakia risasi. Pawe na kifuniko cha mviringo cha feni ya kutolea moshi. T-54 inacho, Type 59 inacho; T-55 haina. Wenye vipande vilivyobaki kutoka modeli nyingine huchanganya hapa mara kwa mara.

Minyororo ndiyo inayofichua haraka zaidi kama fundi ameelewa anachokiunda. Kifaru hiki hakina magurudumu madogo ya kuubeba mnyororo kwa juu. Kuna magurudumu makubwa matano kila upande, lenye meno la kuvutia liko nyuma, na mnyororo hulala juu ya yale makubwa kwa uzito wake wenyewe. Kwa hiyo lazima ubonyee, hasa kwenye pengo kati ya gurudumu la kwanza na la pili, ambalo ni pana kuliko mengine. Minyororo ya mpira inayokuja na baadhi ya maboksi hunyooka na kuelea hewani. Ukiwa nayo, ibane chini kwa gundi na vipande vya sponji mpaka ishike. Ukiweza kupata minyororo ya pingili moja moja, ichukue bila kufikiria mara mbili, ingawa itakula jioni zako kadhaa.

Rangi ya msingi nitaipita upesi. Puliza praima, kisha kijani, tabaka nyembamba nyembamba. Kijani chenyewe kipunguze kwa kuongeza rangi nyeupe kidogo au ya udongo, kwa sababu kitu kidogo kilichopakwa rangi ileile ya gari kubwa huonekana cheusi mno.

Sasa twende kwenye uchakavu, na hapa naomba msomaji awe mkaidi: asiweke doa lolote asiloweza kulitaja chanzo chake. Pande mbili za Type 59 hazichakai sawa. Bomba la moshi hutokea kwenye madigadi ya kushoto, kwa nyuma, hivyo masizi yawe kushoto tu, meusi mdomoni pa bomba na kufifia kadiri yanavyokwenda mbali. Matangi ya nje ya dizeli yamelala kwenye madigadi ya kulia, hivyo madoa yanayong'aa ya mafuta yawe kulia, kuzunguka vifuniko vya kujazia. Dereva hukaa mbele kushoto, na buti zake hukwangua rangi kuzunguka mlango wake kuliko upande wa pili. Vishikio vya kichwani husuguliwa na mikono ya askari wa miguu wanaopanda. Kutu iwe ndogo sana. Gari linalotumika na kupakwa rangi upya halioti kutu nene, isipokuwa kwenye bomba la moshi ambalo joto limeshaunguza rangi yake. Pingili za minyororo ndizo zing'ae, pale tu zinapokanyaga ardhi.

Vumbi na tope hutegemea umekipeleka kifaru chako wapi. Mimi nimekiweka Februari na Machi 1979, wakati wa vita vya Tanzania na Uganda, majeshi ya Tanzania yalipotoka Mutukula, yakaitwaa Masaka, kisha yakapigana Lukaya, penye kinamasi kando ya barabara ya Kampala. Sehemu ya chini ya kifaru inahitaji tabaka mbili. La kwanza ni vumbi jekundu la barabara ya udongo: lipande mpaka nusu ya bodi, lijae kwenye pembe ambazo mkono wa kufuta haufiki, na lipungue pale watu wanapokaa. La pili ni tope jeusi la kinamasi, na hilo lisivuke magurudumu na madigadi. Linatakiwa kulifunika lile jekundu, kwa sababu lilikuja baadaye. Ukiwa na picha nyeusi na nyeupe za vita vile usizitegemee kwa rangi. Tazama mpaka uliopo kati ya sehemu chafu na sehemu safi, huo unaonekana hata bila rangi.

Usichote udongo uani ukaubandika. Chembe ya mchanga ya nusu milimita, kwa skeli yetu, ni kokoto ya karibu milimita 18, na kifaru kitaonekana kimepita kwenye machimbo. Tumia unga wa rangi, au kwangua chaki za kuchorea kwa kisu mpaka ziwe vumbi halisi. Uchanganye na matone ya tapentaini, uupake ukiwa majimaji, uache ukauke, kisha ufute kwa brashi safi kuelekea chini, njia ambayo maji ya mvua yangeifuata. Kwa tope ongeza plasta laini kidogo na rangi nyeusi ya mafuta. Chovya brashi, uishike nyuma ya gurudumu lenye meno, ukwaruze nywele zake kwa kijiti ili matone yaruke kuelekea mkiani, maana mnyororo hurusha tope nyuma. Funika kichwa kwa karatasi kabla hujaanza.

Itaendelea wiki ijayo.