Giaboksi Saidizi na Mlima wa Kyavinyonge

Samaki wanaovuliwa Kyavinyonge, kaskazini-magharibi mwa Ziwa Edward, hulazimika kupanda mlima kabla ya kufika sokoni, kwa kuwa uso wa ziwa uko takriban mita 915 juu ya usawa wa bahari ilhali mji wa Butembo uko karibu mita 1,800, na barabara inayopitia Kyondo huparamia ukuta wa magharibi wa Bonde la Ufa juu ya udongo unaogeuka utelezi mvua inaponyesha. Pikapu iliyofungiwa trela katika njia ya namna hiyo hukwama mara nyingi kwa kukosa gia nzito ya kutosha, wala si kwa kukosa mwendo, na hapo ndipo linapozuka swali la giaboksi saidizi, yaani sanduku la pili la gia linalofungwa pamoja na lile la kiwandani.

Hesabu ya mlima haina huruma. Mahali ambapo barabara hupanda mita 10 kwa kila mita 100, gari na trela vyenye uzito wa tani nne kwa pamoja huvutwa nyuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 400 hivi, bila kuhesabu tope linalong'ang'ania matairi. Injini ya dizeli isiyo na tabochaja, kwa upande wake, hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa huwa nyepesi, hivyo gari hudhoofika kadiri linavyokaribia kilele.

Giaboksi haiongezi nguvu ya injini hata chembe. Hubadilisha mwendo kuwa nguvu ya msokoto, ambayo ndiyo nguvu ya kuzungusha gurudumu, au hubadilisha kinyume chake. Tofauti hiyo husahauliwa na wengi wanaoagiza vifaa kutoka ng'ambo. Kifaa maarufu cha Gear Vendors cha California, kinachofungwa nyuma ya giaboksi kuu, kina uwiano wa 0.78, maana yake propela shafti huzunguka takriban mara 1.28 kwa kila mzunguko mmoja unaotoka kwenye giaboksi. Kinafaa sana katika barabara kuu za Marekani, ambako dereva anayevuta trela hutaka injini itulie katika mwendo wa kasi na kuziba pengo kati ya gia moja na nyingine; lakini katika mpando wa Kyondo kinaelekea upande usiotakiwa. Aina nyingine, ile ya zamani iitwayo Brownie, huwa na gia zake tatu au nne, baadhi zikiwa nzito kweli, ila huhitaji propela shafti kukatwa na kusawazishwa upya, na ikikosea kuingia gia wakati wa kuteremka, gari hubaki huru bila injini kulizuia, mzigo wote ukiegemea breki peke yake.

Jambo la ajabu kidogo ni kwamba pikapu nyingi za foo-wili tayari zina giaboksi saidizi ya kiwandani. Hiyo ni transfa, sanduku linalogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ambalo Land Rover ilikuwa nalo likiwa na ngazi mbili za mwendo tangu ilipotoka mwaka 1948. Katika Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, msokoto wa injini ni newtonmita 285 hivi. Gia ya kwanza huuzidisha mara nne na kidogo, na ngazi nzito ya transfa huuzidisha tena karibu mara mbili na nusu, hata unaotoka kwenye transfa kukaribia newtonmita 2,900. Kuongeza sanduku jingine juu ya hapo ni kuzitafutia shafti na difu mahali pa kukatikia.

Ngazi hiyo nzito hutumika vizuri kwenye udongo, ambako matairi huweza kuteleza kidogo. Kwenye lami kavu, kama ile ya mradi wa Kasindi–Beni–Butembo uliozinduliwa Juni 2021, kufunga ekseli zote mbili pamoja hukaza gia hata zikaweza kuvunjika, kwa sababu gurudumu la mbele na la nyuma hayaendi umbali sawa kwenye kona. Pikapu yenye loki za mkono kwenye magurudumu ya mbele huweza kufunguliwa loki hizo na kubaki na gia nzito kwa ekseli ya nyuma tu, mradi dereva asikanyage mafuta yote katika gia ya kwanza.

Hakuna giaboksi inayofidia breki dhaifu. Nchini Australia, Land Cruiser 79 huruhusiwa kuvuta kilo 3,500 iwapo trela ina breki zake, na kilo 750 tu iwapo haina. Kwa mwenye pikapu ya Kyavinyonge, basi, fedha inayowazwa kwa giaboksi saidizi yafaa itumike kwanza kwa klachi, breki za trela na oili ya transfa. Na ikiwa gari lake halina ngazi nzito kabisa, ni nafuu kuliuza na kununua lenye nayo kuliko kulichomelea kisichokuwa chake.