Twiga wa Malindi, Setilaiti ya Ngomeni na Maajabu Mengine ya Pwani ya Kilifi

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka baharini karibu na Ngomeni, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Malindi. Ilibeba chombo cha kilo zipatazo 140 kilichokwenda kuizunguka dunia na kuchungulia anga kwa namna ambayo jicho la binadamu haliwezi. Chombo kilikuwa cha NASA, shirika la anga la Marekani, lakini kilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Marjorie Townsend, mwanamke aliyeusimamia mradi huo, alilipendekeza kwa heshima ya nchi iliyowapokea na ya siku yenyewe.

Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kutafuta mionzi ya eksirei inayotoka angani. Mionzi ya aina hii, ile ile inayotumika hospitalini kupiga picha za mifupa, haipenyi hewa inayoizunguka dunia, kwa hiyo aliyesimama ardhini hawezi kuipima hata awe na darubini ya namna gani. Kabla ya hapo wataalamu walitegemea roketi zilizopanda juu kwa dakika chache na kuanguka. Uhuru ilikaa huko hadi Machi 1973 na kuacha orodha ya vyanzo 339 vya mionzi hiyo. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilionekana kuwakawaka kwa kasi isiyo ya kawaida, na uchunguzi uliofuata ukaleta ushahidi wa kwanza wenye nguvu kwamba mashimo meusi, yale yanayomeza hata mwanga, yapo kweli na si hesabu za makaratasini tu. Kiongozi wa wanasayansi wa mradi huo, Riccardo Giacconi, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Kwa nini Ngomeni? Jibu linatokana na mzunguko wa dunia. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na sehemu inayokwenda mbio kuliko zote ni ile ya ikweta, takriban kilomita 1,670 kwa saa. Ngomeni iko chini kidogo ya nyuzi tatu kusini mwa mstari huo. Huko Florida, Wamarekani wanakorushia roketi zao nyingi, kasi hiyo hushuka hadi kama 1,470. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka Ngomeni hupata msukumo wa bure, na ikidondosha vipande vyake, mbele yake ni Bahari ya Hindi tupu. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma aliliona hilo mapema. Waitaliano wakaleta majukwaa mawili ya chuma, San Marco na Santa Rita, wakayasimamisha majini, na kuanzia 1967 hadi 1988 roketi tisa zikapeleka setilaiti angani kutoka hapo. Tangu 1988 hakuna nyingine iliyorushwa, ingawa kituo cha nchi kavu bado kinafuatilia setilaiti na vyombo vya angani. Taifa-1, setilaiti ya Kenya yenyewe ya kuangalia ardhi, ilirushwa Aprili 2023 kutoka California. Nchi yenye mojawapo ya sehemu bora duniani za kurushia roketi imesafirisha setilaiti yake hadi upande wa pili wa dunia. Hilo ni jambo la kuwasumbua wanaopanga mipango ya taifa.

Mahali pale pale palipowavutia warusha roketi ndipo palipowavutia manahodha karne nyingi kabla yao, ila wao walifuata upepo. Aprili 1498 nahodha Mreno Vasco da Gama alitia nanga Malindi baada ya kukosana na watu wa Mombasa. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na uhasama wake na Mombasa, alimpokea vizuri na kumpa rubani wa kumvusha hadi India. Kwa miaka mingi vitabu vilidai kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, mwanamaji mashuhuri wa Oman. Wanahistoria wengi leo hawakubali, na wanaona alikuwa mtu wa Gujarat. Awe nani, aliijua kazi yake. Waliondoka tarehe 24 Aprili, kusi ikianza kuvuma, na tarehe 20 Mei walikuwa mbele ya Calicut nchini India. Siku 26.

Wakati wa kurudi Wareno walijiamulia wenyewe. Waling'oa nanga mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaskazi haijashika, jambo ambalo nahodha yeyote wa Lamu au Malindi angewakataza. Bahari ikawagandisha. Njia ile ile iliwachukua miezi mitatu, na kiseyeye kikawafagia mabaharia mpaka waliobaki na nguvu za kuendesha meli wakawa wachache mno. Walipofika Malindi Januari 1499, kitu cha kwanza ambacho wagonjwa walikitamani ni machungwa, wakaletewa. Karibu miaka 250 ilipita kabla daktari wa Kiskoti James Lind hajafanya jaribio lake maarufu la 1747 kuonyesha kwamba machungwa na malimau huponya kiseyeye. Meli moja, São Rafael, waliichoma moto muda mfupi baadaye kwa kuwa hapakuwa na watu wa kutosha kuiendesha.

Msalaba wa jiwe la Lisbon uliotokana na ziara hizo bado upo Malindi juu ya nguzo yake inayotazama bahari, na watalii hupiga picha hapo kila siku. Lakini da Gama hakuwa mgeni wa kwanza kutoka mbali, wala rubani aliyepewa hakuwa zawadi ya ajabu kuliko zote zilizotoka Malindi. Kwa ajabu, hakuna inayompita twiga.

Mwaka 1414 sultani wa Bengal alimpelekea mfalme wa China, Yongle wa ukoo wa Ming, mnyama ambaye Wachina hawakuwahi kumwona. Mwaka uliofuata ukaja wa pili, na huyu alitoka Malindi. Wachina wana mnyama wa hadithi aitwaye qilin, mpole asiyekanyaga hata mdudu, ambaye inaaminika hutokea wakati nchi inapotawaliwa kwa haki. Maofisa wa ikulu walipomwona twiga, mwenye madoa, kwato na mwendo wa upole, wakasema ndiye huyu. Kwa Yongle, aliyekuwa amemnyang'anya mpwa wake kiti cha enzi, hakuna habari iliyokuwa tamu zaidi. Alikwenda mwenyewe langoni kumpokea mnyama wa Malindi. Twiga wa kwanza alichorwa, na Shen Du, mwandishi wa ikulu, akamtungia maneno ya sifa. Mchoro huo umehifadhiwa Taipei hadi leo.

Fikiria kazi yenyewe. Twiga hula majani kwa makapu, na shingo yake ni ndefu. Kuna watu waliompandisha chomboni, wakamlisha wiki kwa wiki baharini, wakamfikisha hai. Majina ya mabaharia na wachunga wanyama hao hayajulikani, na wanastahili kukumbukwa kama da Gama anavyokumbukwa. Wajumbe wa Malindi waliokwenda na twiga walirudishwa makwao kwa heshima: msafara wa tano wa Amiri Zheng He wa China, ulioondoka 1417, ulifika mpaka pwani ya Afrika Mashariki.

Ushahidi wa safari na biashara za namna hiyo uko mchangani. Mwaka 2010 wataalamu wa mambo ya kale kutoka Chuo Kikuu cha Peking na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walichimbua Mambrui, ng'ambo ya Mto Sabaki, wakapata sarafu yenye jina la Yongle. Hapo hapo Mambrui kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za kauri za Kichina. Na ukienda Gede utakuta mji mzima wa mawe ya matumbawe ndani ya msitu: msikiti mkuu, jumba la kifalme, nyumba zenye vyoo na visima, na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. James Kirkman, aliyeanza kuchimba hapo 1948, alipata kauri za China, shanga za Venice, taa ya chuma ya Kihindi na hata mkasi wa Kihispania. Wareno walikaa Malindi, umbali wa kilomita 15 hivi, kwa sehemu kubwa ya karne ya 16, na katika maandishi yao yote mji huu hautajwi kwa jina hilo. Mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa umehamwa. Wengine wanalaumu visima vilivyokauka, wengine vita. UNESCO iliuweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024.

Miaka 600 ni juzi tu ukilinganisha na habari za Panga ya Saidi, pango lililo kwenye vilima vya Kilifi, kama kilomita 15 kutoka baharini. Humo, chini ya tabaka za udongo, watafiti walikuta mifupa dhaifu mno, ikabidi wanyanyue bonge zima la udongo na kulipeleka maabara. Alikuwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Alizikwa miaka 78,000 iliyopita, na jarida la Nature lilipotangaza habari zake Mei 2021 likawa limetangaza kaburi la kale kuliko yote ya binadamu wa sasa yaliyopatikana Afrika. Miguu ilikuwa imekunjwa, mwili umezungushiwa kitu kama sanda, na kichwa kililalia mto ambao umeshaoza. Wataalamu walilijua hilo kwa jinsi shingo ilivyoinama. Wakampa jina Mtoto. Kwamba wazazi wa zama hizo walimlaza mtoto wao kwa uangalifu kama huo ni jambo la kumgusa yeyote aliyewahi kuzika.

Viumbe hai wa huko nao wana maajabu yao. Ndani ya Msitu wa Arabuko Sokoke anaishi sengi mwenye matako ya rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu ambaye kila mtu angesema ni jamaa ya panya. Vipimo vya vinasaba vinasema yuko karibu zaidi na tembo, nguva na pimbi. Kwera wa Kilifi, ndege wa rangi ya manjano na nyeusi asiyepatikana popote nje ya kaunti hii, alielezwa na wanasayansi mwaka 1913. Kiota chake hakikujulikana kilipo mpaka 2013, kilipoonekana kwenye vidimbwi vya msimu vya Dakatcha. Na mwaka 2001 wavu wa meli ya uvuvi nje ya Malindi ulileta silikanti, samaki ambaye hadi 1938 wataalamu waliamini alitoweka pamoja na dinosaria.

Ajabu ya mwisho ndiyo isiyopigwa picha na mtu. Kila mvua kubwa inaponyesha bara, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo, na wageni hulalamika kwamba ni chafu. Uchafu huo ni mashamba. Mto unaoanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukapita Tsavo ukiitwa Galana, humwaga matope yake kaskazini mwa Malindi ukiitwa Sabaki. Matumbawe yaliyoko kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, hukua kwa tabaka za kila mwaka kama pete za mti, na hunasa ndani yake bariamu inayoletwa na udongo. Mwaka 2007 watafiti walisoma tumbawe moja lenye kumbukumbu ya miaka 300. Kwa miaka 200 ya mwanzo udongo uliofika baharini haukubadilika sana. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya ukoloni kubadili matumizi ya ardhi huko juu, ukaongezeka kwa kasi.

Matope hayo huyanyima matumbawe mwanga, na bila matumbawe hakuna mazalia ya samaki ambao wavuvi wa Malindi na Watamu wanawategemea. Huko bara, Machakos, tayari kuna dawa iliyojaribiwa: matuta ya fanya juu yanayozuia udongo usichukuliwe na maji, ambayo wakulima wameyachimba kwa miaka mingi na kuokoa milima iliyokuwa imekwisha kukatiwa tamaa. Kaunti zote zinazopitiwa na mto huu, kuanzia Kiambu hadi Kilifi, zikae pamoja, ziwalipe wakulima wanaochimba matuta na kupanda miti kingoni, na Kilifi ndiyo iitishe kikao.