Mabaka ya Paka na Damu ya Mama

Paka mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa karibu daima huwa jike. Jeni inayoleta rangi ya chungwa imo katika kromosomu X. Dume wa kawaida ana X moja tu, hivyo huwa mweusi au wa chungwa, basi. Jike ana X mbili, kwa hiyo aweza kurithi rangi zote mbili.

Lakini kwa nini rangi hizo zisichanganyike? Mwaka 1961 mwanajenetiki wa Uingereza, Mary Lyon, alieleza kwa kuchunguza panya kwamba mapema katika ukuaji wa kiinitete, kila seli ya jike huzima X moja bila mpangilio, na vizazi vyote vya seli hiyo hufuata uamuzi huo. Baka, basi, ni eneo la seli zilizozima X ileile. Ndiyo maana CC, paka aliyezaliwa Texas mwaka 2001 kwa kunakiliwa kutoka kwa paka wa mabaka, hakuwa na unyoya hata mmoja wa rangi ya chungwa.

Mwili wa mwanamke nao una mabaka ya namna hiyo, ila hayaonekani.

Huyakumbuka kila nikutanapo kliniki na mama wa mtoto mwenye himofilia A. Jeni ya protini ya nane ya kugandisha damu imo katika X vilevile. Vitabu tulivyosomea vilimwita mama huyo mbebaji, yaani apitishaye ugonjwa bila kuugua. Mmoja wao alitokwa na damu nyingi ya hedhi tangu usichana, na baada ya kujifungua nusura apoteze maisha. Hakuna aliyempima, kwa kuwa alikuwa "mbebaji tu". Mimi mwenyewe, nakiri, kwa miaka kadhaa sikuwa nikiwauliza akina mama hao kuhusu damu yao.

Tulipompima, kiwango cha protini hiyo kilikuwa chini ya asilimia 40. Kwa mwanamume tungekiita himofilia nyepesi bila kusita. Seli zake nyingi zinazoitengeneza zilikuwa zimezima X iliyo nzima. Kiwango hicho hupanda wakati wa ujauzito, kisha hushuka baada ya kujifungua, hivyo hatari huendelea kwa wiki kadhaa, mama akiwa tayari amerudi nyumbani.

Binti yake ana miaka tisa. Tumekubaliana apimwe mwezi ujao, kabla hajavunja ungo.