Kabla ya Kulaumiana, Pimeni Wote Wawili

Katika vijiji vyetu, ndoa ikipita mwaka mmoja au miwili bila mimba, maneno huanza. Mama mkwe huuliza, wifi huuliza, na majirani huulizana kisimani. Lakini mara nyingi anayeulizwa ni mke peke yake. Mke hupelekwa zahanati. Akitoka huko hupelekwa kwa mganga akanyweshwa mizizi. Mwishowe hurudishwa kwao, au huletewa mke mwenza. Baada ya miaka mitatu yule mke mwenza naye hana mtoto, na mume bado hajapimwa hata mara moja.

Somo letu la leo linamhusu mume huyo. Tutaeleza jinsi mbegu za kiume zinavyopimwa, nyumbani na hospitali. Kisha tutaeleza jinsi zinavyoweza kugandishwa na kuwekwa akiba kwa miaka mingi, na ni nani anayehitaji kufanya hivyo.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila watu sita hupatwa na tatizo la kukosa mtoto katika maisha yake. Na katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hilo, sababu hutoka kwa mwanamume peke yake, au kwa mwanamume na mwanamke kwa pamoja. Kwa hiyo kumpima mke tu ni kufanya nusu ya kazi.

NGUVU NI JAMBO MOJA, MBEGU NI JAMBO JINGINE

Wanaume wengi hukataa kupimwa kwa sababu wanasema, "Mimi sina kasoro, nguvu zangu ninazo." Hapo ndipo kosa linapoanza. Nguvu za kiume ni jambo moja, na mbegu ni jambo jingine. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu kamili, akatoa shahawa kama kawaida, na ndani ya shahawa hizo isiwemo hata mbegu moja.

Shahawa ni yale majimaji yanayoonekana kwa macho. Mbegu haionekani kwa macho. Ni ndogo sana, ina kichwa na mkia, nayo huogelea mfano wa kiluwiluwi. Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft huko Uholanzi, ndiye aliyeandika mwaka 1677 habari za kuziona kwa hadubini aliyoitengeneza mwenyewe. Kwa hiyo kutazama uzito wa shahawa, au rangi yake, hakuwezi kukuambia kama zina mbegu.

Mbegu hutengenezwa ndani ya korodani. Tangu kuanza kutengenezwa hadi kuwa tayari kutoka hupita kama miezi mitatu. Korodani zinaning'inia nje ya tumbo kwa sababu kazi hiyo inataka mahali penye joto pungufu kidogo kuliko mwili. Ndiyo maana homa kali ya leo inaweza kupunguza mbegu za mwezi ujao na wa pili yake.

KUPIMA NYUMBANI

Siku hizi kuna vifaa vya kupimia mbegu nyumbani. Kimoja hufanana na kile cha kupimia mimba. Mwanamume hutoa shahawa katika kikombe safi, husubiri ziyeyuke, kisha huweka matone kwenye kifaa. Mstari ukitokea, maana yake idadi ya mbegu imefika kiwango kilichowekwa na watengenezaji. Kwa vifaa vingi kiwango hicho ni mbegu milioni 15 au 20 katika mililita moja. Vifaa vingine hutumia kamera ya simu, na mtu huweza kuziona mbegu zikiogelea.

Vifaa hivi vina faida. Mwanamume anayeona haya kwenda hospitali anaweza kuanza akiwa chumbani kwake. Hata hivyo, ni lazima ajue mipaka yake.

Kwanza, vifaa vingi huhesabu mbegu tu. Havisemi kama zinaogelea vizuri, kama umbo lake ni zuri, wala kama kuna ugonjwa katika njia ya uzazi.

Pili, mstari usipotokea, kifaa hakisemi kama mbegu ni chache au hazipo kabisa. Mambo hayo mawili ni tofauti sana, na matibabu yake ni tofauti.

Tatu, mstari ukitokea, haimaanishi kwamba mume ameshinda na mke ndiye mwenye kosa. Mume asikichukue kifaa hicho akaenda kumtolea mkewe ushahidi. Kama mwaka umepita bila mimba, wote wawili bado wanapaswa kumwona daktari. Na kama mke ana miaka 35 au zaidi, wasingoje mwaka. Miezi sita inatosha.

KIPIMO CHA HOSPITALI

Kipimo kinachoaminika ni cha maabara. Mtaalamu hutumia hadubini, kama anavyofanya anapotafuta vijidudu vya malaria katika damu. Mwanamume huambiwa akae bila kutoa shahawa kwa muda wa siku 2 hadi 7. Kisha hutoa shahawa kwa mkono katika chombo safi alichopewa. Kama ametolea nyumbani, azifikishe maabara ndani ya saa moja, akizibeba karibu na mwili zisipate baridi. Asitumie kondomu ya kawaida, wala sabuni au mafuta, maana vitu hivyo huweza kuziua mbegu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango hivi vya chini:

– Shahawa zote: mililita 1.4. Hiyo ni chini ya theluthi moja ya kijiko cha chai.
– Mbegu katika mililita moja: milioni 16.
– Mbegu zote kwa pamoja: milioni 39.
– Mbegu zinazojongea: 42 katika kila 100.
– Mbegu zenye umbo zuri: 4 katika kila 100.

Yafaa tuelewe viwango hivi vilikotoka. Walipimwa wanaume ambao wake zao walipata mimba ndani ya mwaka mmoja. Katika kila 100 ya wanaume hao, 95 walikuwa juu ya kiwango na 5 walikuwa chini. Na hao watano nao walikuwa baba za watoto. Kwa hiyo aliye chini ya kiwango asikate tamaa, na aliye juu asijivune. Kipimo ni taa ya kuonyesha njia, si hukumu.

Majibu yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa, kwa kawaida baada ya miezi mitatu, ili mbegu mpya zionekane. Katika muda huo daktari hutafuta sababu. Kisonono na klamidia zisizotibiwa huweza kuziba mirija ya mbegu. Matubwitubwi yakimpata kijana aliyekwisha kubalehe huweza kudhuru korodani. Kichocho nacho huweza kufika katika viungo vya uzazi vya mwanamume. Sigara, pombe nyingi, na mishipa iliyovimba kuzunguka korodani ni sababu nyingine. Vijana wanaodungwa sindano za homoni ya kiume ili wapate misuli wajue kwamba sindano hizo huweza kuzuia kabisa korodani kutengeneza mbegu. Nyingi katika sababu hizi zinatibika au zinazuilika.

KUGANDISHA MBEGU

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa analijua jambo hili tayari. Mtaalamu wa uhimilishaji anapokuja zizini huja na mtungi unaofuka moshi wa baridi, na ndani yake kuna mirija myembamba yenye mbegu za dume. Hapa Tanzania mbegu hizo hutayarishwa katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, mkoani Arusha. Dume huweza kuwa amekwisha kufa, na ndama wake bado wanazaliwa.

Mbegu za binadamu huhifadhiwa kwa njia hiyo hiyo. Ukiweka chupa iliyojaa maji ndani ya friza, maji yakiganda chupa hupasuka. Mbegu nayo ina maji ndani yake. Ikigandishwa ovyo, barafu huipasua. Dawa ya tatizo hilo ilipatikana Uingereza mwaka 1949. Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wakijaribu kugandisha mbegu za jogoo katika maji ya sukari. Chupa moja ikafanya kazi vizuri ajabu. Walipoichunguza wakaona kumbe lebo zilikosewa, na chupa ile ilikuwa na gliserini, yaani ile ile tunayopaka katika ngozi. Gliserini huzuia barafu kuipasua mbegu. Mwaka 1953, Raymond Bunge na Jerome Sherman wa Iowa, Marekani, walitangaza kwamba mimba za binadamu zimepatikana kwa mbegu zilizogandishwa.

Siku hizi shahawa huchanganywa na kimiminika chenye gliserini, hutiwa katika mirija midogo, hupozwa kwa hatua, kisha hutumbukizwa katika naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo kila kitu ndani ya mbegu husimama, nayo haizeeki. Si zote zinazoamka zikiyeyushwa. Mara nyingi karibu nusu ya zilizokuwa zikiogelea hupotea. Ndiyo sababu huwekwa mirija mingi.

Ndugu msomaji, sikiliza vizuri hapa. Friji ya nyumbani haiwezi kufanya kazi hii. Baridi ya friza ya kawaida ni kama nyuzi 18 tu chini ya sifuri. Mbegu utakazoweka humo zitakufa. Katika nchi kama Marekani na Uingereza, mtu huweza kutolea shahawa nyumbani na kuzituma kwa posta katika kifurushi maalumu, lakini kazi ya kugandisha hufanywa na maabara.

NANI ANAHITAJI AKIBA HII?

Anayeihitaji kuliko wote ni kijana anayekwenda kutibiwa saratani. Dawa za saratani na mionzi huua chembe zinazojigawa haraka. Chembe za saratani hujigawa haraka, na chembe zinazotengeneza mbegu nazo hujigawa haraka. Dawa haiwezi kuzitofautisha. Baadhi ya wanaume mbegu zao hurudi baada ya miaka. Wengine hazirudi tena.

Mwaka 2004 madaktari wa Manchester, Uingereza, waliandika habari za mwanamume aliyewekewa akiba ya mbegu mwaka 1979, akiwa na miaka 17, kabla ya kutibiwa saratani ya korodani. Alipona, akaoa. Mbegu zake zilikaa katika baridi miaka 21. Zilipoyeyushwa, madaktari walichoma mbegu moja moja ndani ya mayai ya mke wake. Mwaka 2002 akazaliwa mtoto wa kiume. Kijana yule wa miaka 17 hakuwa akifikiria watoto siku ile, ila mtu fulani alimfikiria.

Kwa hiyo, kama mwanao aliyebalehe, ndugu yako au mumeo ameambiwa ana saratani, muulize daktari swali hili kabla ya dozi ya kwanza: "Je, dawa hizi zitadhuru uzazi wake, na je, tunaweza kuweka mbegu akiba?" Kutoa shahawa mara mbili au tatu huchukua siku chache tu. Baada ya dozi ya kwanza, nafasi huweza kuwa imepita. Lakini kama daktari amesema matibabu hayawezi kungoja, uhai utangulie.

Tuseme ukweli pia kuhusu gharama. Huduma hii haipatikani katika zahanati wala kituo cha afya. Hutolewa na hospitali chache za miji mikubwa, na malipo ya kuhifadhi huendelea kila mwaka. Baadaye kuna gharama ya kuzitumia. Ulizeni bei yote kabla ya kuanza. Kwa mwanamume mzima asiye na ugonjwa, hakuna haja ya kuuza ng'ombe kwa ajili ya jambo hili.

Kabla ya kuhifadhi, mwenye mbegu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Kisha hutia sahihi ya kukubali na kueleza mbegu zifanyweje akifariki. Mbegu ni zake, na hakuna mwingine mwenye haki ya kuzitumia bila idhini yake. Nchini Uingereza, tangu Julai 2022, sheria huruhusu kuzihifadhi hadi miaka 55, mradi mwenyewe athibitishe kila baada ya miaka 10.

MWISHO

Bwana, kama nyumba yako haina mtoto, usimtume mkeo peke yake. Fuatana naye. Kipimo chako ni rahisi kuliko chake: hakina kisu, hakina sindano, na majibu hupatikana upesi. Bibi, mumeo akikubali kupimwa, usimcheke wala usimtangaze. Na ninyi wazazi na mawifi, msimfukuze mtu kwa kosa ambalo halijapimwa.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini mwanamume mwenye nguvu za kiume anaweza kukosa mbegu?
2. Taja mambo mawili ambayo kipimo cha nyumbani hakiwezi kuyaonyesha.
3. Kwa nini kipimo kibaya hurudiwa baada ya miezi mitatu?
4. Mgonjwa wa saratani aulize swali gani kabla ya dozi ya kwanza?
5. Katika kijiji chenu, ndoa ikikosa mtoto, nani hulaumiwa? Mtafanya nini kubadili jambo hilo?