Programu Nazo Hufanya Mtihani

Sisi wa hapa Njoro tunajua mtihani ni nini. Sisi huufanya mwisho wa muhula, na ngano nayo hufanya wake kule shambani. Tangu mwaka wa 2005, kituo cha utafiti cha Njoro hupanda maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi, makusudi zishambuliwe na kutu ya shina, hasa ile kali iliyogunduliwa Uganda mwaka wa 1998 na kupewa jina la Ug99. Inayostahimili huendelea, inayoanguka huachwa. Makala haya yanaeleza jinsi programu za tarakilishi nazo zinavyotahiniwa, tena na tarakilishi yenyewe.

Programu kuu na nyongeza zake

Programu nyingi kubwa si kazi ya mtu mmoja. Kuna programu kuu, kisha kuna nyongeza, yaani vipande vinavyopachikwa juu yake ili kuipa kazi mpya. Kuna pia sura, yaani rangi, herufi na mpangilio tunaouona kwenye kioo.

Mfano hauko mbali. OpenMRS ni programu ya kuweka kumbukumbu za wagonjwa. Ilianza kutumika Eldoret mnamo Februari 2006, kutokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wataalamu wa Indiana, Marekani. Leo inatumika katika nchi nyingi. Ina kiini kimoja na moduli nyingi, zilizoandikwa na watu ambao huenda hawajawahi kuonana.

Hapo ndipo taabu inaweza kuanzia. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kuna nyongeza inayokadiria dawa ya mtoto: miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto ana kilo 12, basi jibu ni miligramu 120. Vizuri. Siku moja mwenye programu kuu anaamua kwamba uzito sasa utawekwa kwa gramu. Nyongeza haijaguswa hata herufi moja, lakini badala ya 12 inapokea 12,000, nayo inajibu 120,000! Je, muuguzi mwenye foleni ndefu mlangoni atagundua?

Mtihani huandikwaje?

Mwenye nyongeza huandika programu nyingine ndogo ya kuitahini ile ya kwanza. Kazi yake ina hatua tatu. Kwanza, huandaa mgonjwa wa bandia mwenye kilo 12. Pili, huiamuru nyongeza ipige hesabu. Tatu, hulinganisha jibu lililotoka na lile linalotarajiwa, yaani 120. Yakilingana, alama ni ya kijani. Yasipolingana, ni nyekundu, na badiliko hilo halipokelewi mpaka lirekebishwe. Mtahini hodari huuliza pia maswali ya mtego: uzito usipoandikwa je? Na ukiandikwa sifuri?

Sura nazo hazisazwi. Onyo likiandikwa kwa kijivu hafifu juu ya weupe, nani atalisoma? Kanuni za kimataifa zinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Tarakilishi huupima uwiano huo kufumba na kufumbua.

Kwa nini tusipime wenyewe?

Hebu tupige hesabu. Ukiwa na nyongeza 10, na kila moja yaweza kuwekwa au kuachwa, unapata michanganyiko 1,024. Ukitumia dakika 5 kwa kila mmoja, ni dakika 5,120, yaani zaidi ya saa 85! Mtu atachoka, na akichoka ataruka. Mashine haichoki. Hurudia mtihani wote kila mara neno moja linapobadilishwa, hata saa nane za usiku.

Lakini msije mkadhani kijani ni hirizi. Mashine huuliza lile tu ililofunzwa kuuliza. Wakulima wetu wanakumbuka ngano iliyoitwa Mwamba. Ilitegemewa sana, lakini mwaka wa 2006 ilionekana kutu ya namna mpya iliyoweza kuishinda kinga yake, na mwaka wa 2007 Mwamba ikashambuliwa vibaya mno. Mtihani wa awali haukuwa wa uongo. Swali ndilo lililobadilika.

Ndiyo maana waandishi makini wa programu wana desturi moja. Kosa likigunduliwa, kabla ya kulitengeneza, huandika kwanza mtihani wa kulinasa, kisha huuacha mtihani huo palepale siku zote. Kosa hilo likijaribu kurudi, litamkuta bawabu mlangoni.

Basi wenzangu mnaojifunza tarakilishi, mkiandika programu, andikeni na mtihani wake siku iyo hiyo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa yule mtoto wa kilo 12, ufa wenyewe ni sifuri tatu tu.