Umeunda gemu? Usiulize kama ni tamu, tazama vidole

Tuseme umekesha miezi ukiunda gemu ya simu. Wikendi unaipeleka kwenye kibanda cha pleisteshen hapa Kanja, Embu, na kumpa kijana wa kwanza aijaribu. Akimaliza unamuuliza, "Umeionaje?" Anakujibu, "Iko sawa, bro." Unarudi nyumbani umevimba kichwa. Wiki moja baadaye ameshaifuta.

Hapo umedanganywa kwa adabu. Kwetu ni vigumu kumwambia mtu ana kwa ana kwamba kazi yake haina ladha. Ndiyo maana wanaopima gemu kwa umakini hawategemei mdomo wa mchezaji. Wanamtazama akicheza.

Kabla ya Halo 3 kutoka mwaka 2007, Microsoft ilikusanya zaidi ya saa 3,000 za watu karibu 600 wakiicheza, ikarekodi nani amefia wapi. Kwenye hatua moja ya msituni, wachezaji walizunguka tu na kurudi walikotoka. Dawa haikuwa maelezo marefu. Liliwekwa genge fupi: ukisharuka chini huwezi kupanda tena, ni mbele tu.

Wewe huna maabara, lakini una Kanja. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Rekebisha, kisha tafuta watano wengine.

Mpe simu, usimweleze kitu, nyamaza. Akikwama usimwokoe, hesabu sekunde. Mwombe aseme kwa sauti anachofikiria, hata kwa Kiembu. Andika alipokufa, alipopiga miayo, alipokimbilia WhatsApp. Tumia simu ya bei ya chini yenye kioo kilichopasuka, maana ndiyo wengi watachezea. Usichukue mabeste zako pekee. Tafuta pia dada ambaye hajawahi kushika pedi. Mwisho muulize, "Ni wapi ulitaka kuacha?"

Jua pia kutofautisha ugumu mtamu na kero. Akifa, akacheka, akaanza tena, usiguse kitu. Akifa na hajui kilichomuua, kosa ni lako.

Kumbuka kijana huyo atanunua bando kwa pesa zake. Ukimchosha, hata gemu ya Mkenya mwingine hataipakua. Lakini akikuomba, "Niongeze raundi moja," bila kuulizwa, sasa vimba kichwa.